Mrija Unaolika: Hesabu za Kukadiria na Matanuri ya Chuma ya Karagwe

Katika maeneo ya kale ya uyeyushaji chuma mkoani Kagera, vitu viwili hubaki ardhini baada ya kila kingine kuoza au kubebwa: mavi ya chuma, meusi na mazito, na vipande vya mirija ya udongo ambavyo ncha yake moja imegeuka kioo. Uchambuzi huu unahusu ncha hiyo ya kioo. Mrija ulipoingizwa tanurini ulikuwa mrefu, ulipotolewa ulikuwa mfupi, na sehemu iliyokosekana haikuvunjika. Iliyeyuka kidogo kidogo, ikadondoka, ikachanganyika na mavi ya chuma. Na kila tone lilipoanguka, uso mpya wa udongo ulibaki mkabala na moto. Huko ndiko kulika kwa joto. Hesabu zake ni zilezile zinazotumika kwa ngao ya chombo kinachorudi kutoka anga za juu, na kwa kimondo kinachopungua kikipasua hewa kabla ya kutua, kama kile cha Mbozi.

Hoja yangu ni hii: ubishi mkubwa kuhusu matanuri ya Kagera, ule wa kama wayeyushaji wa zamani walipasha hewa moto kabla haijafika kwenye makaa, hauwezi kuamuliwa pasipo kuhesabu kulika kwa mrija. Na hesabu ya kukadiria, inayofanyika kwa penseli na karatasi, inatosha kuonyesha ni kipimo gani tukitafute kwenye vipande vilivyolala ardhini.

Karagwe ina sababu ya pekee ya kulijali swali hili. John Hanning Speke na James Augustus Grant walipofika kwa Rumanyika mwishoni mwa mwaka 1861 walikuta ufalme ambao alama zake za utawala zilikuwa za chuma. Hazina ya Bweranyange inajulikana kwa ng'ombe wake wadogo wa chuma wenye pembe ndefu, kwa mikuki, na kwa vifaa vya uhunzi ambavyo masimulizi yanavihusisha na Ndagara, baba yake Rumanyika. Mwaka 1995 Andrew Reid na Rachel MacLean walichapisha makala kuhusu maana ya uzalishaji wa chuma katika jamii ya Karagwe, na yeyote anayeisoma anaona kwamba kule chuma na utawala havikutenganishwa. Miamba yenyewe ilisaidia. Ukanda ambao wanajiolojia wanauita Karagwe-Ankole unapita katika wilaya zote mbili, Karagwe na Kyerwa, ambayo ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na ndio unaozaa bati la Kyerwa. Bati linayeyuka kwenye nyuzi joto 232 za sentigredi, joto ambalo udongo wowote wa mfinyanzi hulistahimili bila kutetereka. Chuma ndicho kinachoupeleka udongo ukingoni mwa uwezo wake, kwa sababu mavi yake hayatiririki vizuri mpaka tanuri lipite nyuzi 1,200, na huko ndiko udongo nao unakoanza kulegea.

Maelezo kamili zaidi ya jinsi tanuri la eneo hili lilivyofanya kazi yanatoka mashariki ya Karagwe, kwa Wahaya, majirani wa Wanyambo wa Karagwe kwa lugha na kwa historia. Mwaka 1976 mwanaakiolojia Peter Schmidt alifanya kazi na wazee wa Kihaya waliokuwa wameyeyusha chuma ujanani mwao, kabla chuma cha kutoka ng'ambo hakijaiua kazi hiyo. Wazee walichimba shimo, wakalijaza majani ya bwawani yaliyochomwa yakawa makaa, wakajenga ukuta kwa mabonge ya mavi ya chuma ya zamani na udongo wa kichuguu, kisha wakaingiza mirija minane ya udongo na kuiunganisha na mivukuto. Jambo lililowashangaza wageni ni kwamba mirija haikuishia ukutani. Iliingia ndani kabisa, ikazungukwa na makaa yanayowaka.

Schmidt na mwenzake Donald Avery, mtaalamu wa metali wa Chuo Kikuu cha Brown, waliandika katika jarida la Science la Septemba 1978 kwamba mrija uliozungukwa na moto namna hiyo lazima uipashe hewa inayopita ndani yake. Kama ni kweli, wayeyushaji wa Afrika Mashariki walikuwa wakifaidi hewa moto muda mrefu kabla ya James Beaumont Neilson wa Glasgow, aliyepata hataza ya kupasha hewa ya tanuri mwaka 1828. Walionyesha pia kwamba vipande vilivyochimbuliwa, vya tangu milenia ya kwanza ya historia ya chuma katika eneo hilo, vimeyeyuka upande wa nje, dalili kwamba navyo vilikaa ndani ya moto. Habari ilisambaa duniani haraka. Mwaka 1986 J. E. Rehder, mtaalamu wa tanuri kutoka Canada, aliwapinga katika Journal of Field Archaeology, nao wakamjibu. Wengine wakaingia. Ubishi ukawa mkali, na kwa bahati mbaya ukageuka kuwa ubishi wa nani anaiheshimu Afrika na nani haiheshimu. Mrija wenyewe ukasahaulika kidogo, ule uliokuwa ukifupika saa baada ya saa huku hewa ikipita ndani yake.

Kwa nini mrija unaofupika ni mgumu kuhesabu? Mtiririko wa joto ndani ya kitu kigumu una kanuni yake inayojulikana tangu Joseph Fourier mwanzoni mwa karne ya 19, na kwa kitu ambacho umbo lake halibadiliki, kanuni hiyo ina majawabu mengi ya wazi. Mpaka wa kitu hicho unaposogea, kila kitu kinavurugika. Ili kujua jotoridi ndani ya udongo unahitaji kujua uso uko wapi, na ili kujua uso uko wapi unahitaji kujua jotoridi. Gabriel Lamé na Benoît Clapeyron waligusa swali hili mwaka 1831 walipofikiri juu ya ukoko wa dunia unaopoa. Josef Stefan wa Vienna alilishughulikia kwa kina miaka ya 1889 hadi 1891 kwa ajili ya barafu ya bahari ya ncha ya kaskazini, na hadi leo matatizo ya namna hii yana jina lake. Katika kesi ya barafu inayoganda kuna jawabu kamili. Katika kesi ambapo joto linamiminwa juu ya uso kwa kiwango maalumu na kile kinachoyeyuka kinaondoka papo hapo, kesi aliyoichambua H. G. Landau mwaka 1950, hakuna jawabu fupi la kuandika kwenye mstari mmoja. Landau alipata mwanzo wake na mwisho wake, na katikati akahesabu kwa tarakimu. Mrija wetu ni wa kesi ya Landau.

Njia iliyofungua mlango kwa watu wasio na kompyuta ni ya Theodore Goodman, ya mwaka 1958. Goodman aliacha kudai kwamba kanuni ya Fourier itimie katika kila nukta ya udongo. Alitaka itimie kwa jumla tu, kama daftari la mwenye duka: joto lililoingia, joto lililotoka na kile kilichoyeyuka, na joto lililobaki ndani lazima vilingane. Jotoridi ndani ya udongo analikisia kwa mchoro rahisi, parabola inayoanzia usoni na kufa kwenye kina fulani ambako moto bado haujafika. Kisha swali zima linabaki na vitu viwili visivyojulikana, kina hicho na mahali uso ulipo, na vyote viwili vinapatikana kwa hesabu ya kidato cha sita. Ninaposema kidato cha sita ninamaanisha hivyo hasa. Mwanafunzi wa hisabati wa Kayanga au Nkwenda, huko Karagwe na Kyerwa, ana kila kifaa kinachohitajika.

Tuifanye. Chukua udongo uliochomwa wenye kilo 1,900 kwa mita ya ujazo, unaohitaji jouli 1,000 kupasha kilo moja kwa nyuzi moja, na unaopitisha joto kwa wati 1 kwa mita kwa kila nyuzi. Chukua kwamba lazima upande nyuzi 1,200 kabla ya kuanza kutiririka, na kwamba kila kilo inadai jouli 400,000 nyingine ili ilegee kabisa. Mwisho, chukua kwamba kila mita ya mraba ya ncha inapokea kilowati 20 kutoka kwenye makaa. Hizi ni tarakimu za kufanyia kazi. Kila mrija una zake.

Kabla ya tone la kwanza kuanguka, uso lazima ufike kwenye joto la kulegea. Kwa hatua hii jawabu kamili lipo, na kwa tarakimu zetu ni dakika 90 hivi. Parabola ya Goodman inasema dakika 76. Imekosea kwa asilimia 15. Ukibadili parabola kwa mchoro wa kipeo cha tatu unapata dakika 86, na kosa linashuka chini ya asilimia 5. Baada ya hapo kulika kunaanza polepole, kunaongeza mwendo, kisha kunatulia kwenye kasi isiyobadilika. Kasi hiyo ya mwisho haihitaji mchoro wowote, kwani ni joto linaloingia gawanya kwa gharama ya kuupasha na kuuyeyusha udongo. Kwa mrija wetu ni milimita 24 kwa saa. Njia ya Goodman inaipata kasi hii bila kosa lolote, hata kama mchoro wake si sahihi, kwa sababu hesabu ya jumla haikuibiwa.

Wanaoidharau njia hii hutaja zile asilimia 15. Mimi naziona ndogo sana zikilinganishwa na kile tusichoweza kukishika ndani ya tanuri la makaa. Jaribu kuongeza joto linaloingia mara mbili, kutoka kilowati 20 hadi 40. Muda wa kungoja tone la kwanza unapungua mara nne, kutoka dakika 90 hadi 22, na kasi ya kulika inapanda hadi milimita 47 kwa saa. Makaa yaliyo mbele ya mrija na makaa yaliyo pembeni yake yanaweza kutofautiana kwa kiasi hicho bila mtu yeyote kukosea. Anayetumia siku tatu kusafisha mchoro wake ili kosa lishuke kutoka 5 hadi 1 huku hajui joto linaloingia ni kilowati ngapi, amepoteza siku tatu. Kuna kazi nzuri iliyofanywa kuiboresha njia ya Goodman: Tse-Fou Zien mwaka 1978 kwa joto linalobadilika na muda, na baadaye Sarah Mitchell na Tim Myers walioonyesha mwaka 2010 jinsi ya kuchagua kipeo cha mchoro ili kosa liwe dogo kadiri iwezekanavyo. Ni kazi za maana kwa anayetengeneza ngao ya chombo cha angani, ambako milimita moja ina uzito na bei. Kwa mrija wa Karagwe parabola inatosha.

Njia nyingine ya kukadiria haitoshi, na inafaa tueleze kwa nini, kwa sababu ndiyo inayovutia zaidi kwa urahisi wake. Inasema: sahau joto la kupasha, hesabu joto la kuyeyusha peke yake. Kwa barafu ni njia nzuri. Barafu iliyo nyuzi 5 chini ya sifuri inahitaji kilojouli 10 hivi kwa kilo kufika kwenye kuyeyuka, na 334 kuyeyuka; ukizisahau zile 10 hakuna kitakachoharibika, na ndiyo sababu Stefan alifika mbali nayo. Kwa udongo mambo yamegeuka. Kilojouli 1,200 zinakwenda kwenye kupasha na 400 tu kwenye kuyeyusha. Anayesahau sehemu ya kwanza atasema mrija unalika mara nne ya ukweli, na atashangaa kwamba tanuri liliweza kufanya kazi hadi jioni.

Hapa ndipo mrija wa Kagera unapoanza kutofautiana na ngao ya chombo cha angani. Nimehesabu kana kwamba joto linaingia kwa ncha peke yake na kupita kuelekea nyuma. Lakini mrija huu uko ndani ya makaa, na ukuta wake una unene wa sentimita mbili hivi. Muda ambao joto linahitaji kuvuka sentimita mbili za udongo ni kama dakika 13. Kwa hiyo, muda mrefu kabla joto la ncha halijasafiri kuelekea nyuma, ukuta mzima umekwisha kupata moto kutoka pembeni. Ncha inapofika zamu ya kuyeyuka, gharama ya kuipasha imekwisha kulipwa na makaa ya pembeni. Ukuta ukiwa tayari nyuzi 900 juu ya ulipoanzia, zinabaki nyuzi 300 tu za kupanda, na kasi ya kulika inaruka kutoka milimita 24 hadi 54 kwa saa. Mrija wa nusu mita usingemaliza saa kumi.

Unamaliza, kwa sababu kuna hewa baridi inayopita ndani yake. Na hapa ubishi wa Schmidt na Rehder na swali la kulika vinakuwa hesabu moja. Kila jouli ambayo hewa inaichukua kutoka kwenye ukuta ni jouli ambayo haili udongo. Hewa ikipata moto sana, mrija unadumu. Hewa ikipita bila kupata moto, mrija unakwisha upesi. Hakuna anayeweza kudai hewa moto sana na mrija unaokwisha upesi kwa wakati mmoja, wala hewa baridi pamoja na mrija unaodumu, isipokuwa aeleze joto lililobaki limekwenda wapi.

Tukadirie basi. Mrija una tundu la sentimita 5 na urefu wa nusu mita ndani ya moto. Mivukuto inasukuma lita 5 za hewa kwa sekunde. Kwa kanuni za kawaida za hewa inayopita bombani kwa msukosuko, hewa inapata asilimia 17 hivi ya tofauti iliyopo kati ya jotoridi lake na la ukuta. Ukuta ukiwa moto kuliko hewa kwa nyuzi 1,000, hewa inafika makaani ikiwa imepanda nyuzi 170. Mapigo ya mivukuto yanaivuruga hewa na yanaweza kuongeza kiwango hicho, lakini sioni jinsi yatakavyokivusha nyuzi 300. Joto linalochukuliwa ni kilowati 1 kwa mrija mmoja, yaani kilowati 13 kwa kila mita ya mraba ya upande wa ndani. Linganisha na zile 20 tulizozidhania kwenye ncha. Si kitu cha kuachwa pembeni. Anayehesabu kulika kwa mrija bila hewa ndani yake amekosea zaidi kuliko Goodman alivyowahi kukosea.

Jambo lililonifurahisha katika hesabu hii ni kwamba asilimia ile 17 haitegemei sana nguvu za wapuliza mivukuto. Ukiongeza hewa mara mbili, msukosuko nao unaongezeka na ukuta unatoa karibu mara mbili ya joto, kwa hiyo kila lita inapata karibu kilekile. Kinachoamua ni urefu wa mrija ulio ndani ya moto ukigawanywa kwa upana wa tundu lake. Hapa uwiano ni 10. Ili hewa ipate nusu ya tofauti yote, uwiano ungehitaji kukaribia 40, na kwa tundu la sentimita 5 huo ni mrija wa karibu mita mbili ndani ya tanuri ambalo halina upana huo. Tukiwa na tundu la sentimita 3 uwiano unapanda hadi 17 na hewa inapata robo ya tofauti. Mambo haya mawili, urefu na upana, yanapimika kwa rula kwenye kipande kilichochimbuliwa. Nguvu za mikono ya watu waliokwisha kufa hazipimiki.

Sasa rudisha mpaka unaosogea. Mrija unaolika milimita 24 kwa saa umepoteza sentimita 19 baada ya saa 8 za kulika, umebaki na 31, na hewa inapanda nyuzi 110 badala ya 170. Ukilika milimita 47 kwa saa, umebaki na sentimita 12 na hewa inapanda nyuzi 45 tu, kiasi ambacho hakina maana yoyote kwa tanuri. Kwa hiyo kuuliza kama hewa ilipashwa moto au haikupashwa ni kuuliza nusu ya swali. Ilipashwa kwa kiwango kilichokuwa kikishuka tangu saa ya kwanza, isipokuwa kama mafundi walikuwa wakiusukuma mrija ndani kadiri ulivyolika. Kipimajoto kimoja, kilichosomwa mara moja, katika saa yoyote ile, kingeweza kumpa ushindi upande wowote wa ubishi.

Sipendi kulichukulia joto hilo la nyuzi mia na kitu kuwa dogo. Mavi ya chuma ya aina hii, mchanganyiko wa oksaidi ya chuma na silika, yanaganda karibu na nyuzi 1,200. Mahali makaa yanapokutana na hewa, nyongeza ya nyuzi mia moja ndiyo tofauti ya mavi yanayotiririka kwenda shimoni na mavi yanayoziba mdomo wa mrija. Schmidt na Avery waliona kitu cha kweli. Ukubwa wake tu ndio unaopaswa kupunguzwa, na saa zake kutajwa.

Kuna kasoro katika hesabu yangu ambayo hakuna njia ya kukadiria inayoiponya. Udongo hauna nukta moja ya kuyeyuka kama bati au barafu. Unalegea polepole katika eneo la nyuzi mia kadhaa, na ile nyuzi 1,200 niliyoichukua ni mstari niliouchora katikati ya mteremko. Isitoshe, majivu ya makaa na oksaidi ya chuma vinaushambulia kikemia, vinashusha joto lake la kuyeyuka, hivi kwamba sehemu fulani ya mrija inaliwa na mavi ya chuma hata pale ambapo joto peke yake lisingetosha. Kompyuta inasaidia kiasi. Njia ya kuhesabu joto lote lililo ndani ya kila chembe ya udongo, pasipo kuufuata mpaka wenyewe, inashughulikia kulegea kwa polepole vizuri zaidi kuliko parabola. Maurice Biot, ambaye mwaka 1962 pamoja na mwenzake alilishughulikia swali la kulika kwa njia yake ya kutafuta mchoro wenye kosa dogo, angeweza pia kuupokea udongo wa namna hiyo. Lakini kemia inahitaji vipimo vya udongo wenyewe, na udongo wa kichuguu cha Kyerwa si udongo wa bonde la Mto Kagera. Kuna faida moja katika kasoro hii: udongo unaoyeyuka hautoweki. Silika yake inaingia kwenye mavi ya chuma na kuyasaidia kutiririka. Mrija unaolika unalisha tanuri. Fundi aliyechagua udongo unaolika kwa kasi ya wastani hakuwa na sababu ya kutafuta udongo mgumu kuliko huo.

Linganisha na Ufipa, ambako Bertram Mapunda amefanya utafiti wa miaka mingi juu ya matanuri marefu yanayoitwa malungu. Malungu hayakutumia mivukuto. Urefu wao ndio uliovuta hewa. Hewa ya malungu inaingia polepole kupitia mirija iliyo chini, na mrija mrefu ndani ya moto ungeizuia. Tatizo la Landau lipo pale pia, ila hoja ya kupasha hewa kwa njia ya mrija haipo. Kwa sababu hiyo matokeo ya tanuri moja hayawezi kuhamishiwa lingine, na jawabu la Kagera halijibu kwa niaba ya Tanzania nzima.

Kazi iliyobaki iko kwenye vipande. Kila kipande cha mrija kina alama tatu zinazosomeka bila maabara: upana wa tundu, urefu wa sehemu ya nje iliyogeuka kioo, ambao ndio urefu uliokuwa uchi mbele ya moto mwishoni mwa kazi, na kina cha badiliko la rangi nyuma ya ncha iliyoyeyuka. Alama ya tatu ndiyo yenye thamani kubwa, mradi mrija uliingizwa tanurini bila kuchomwa kwanza. Udongo wa kaolini unapoteza maji yake ya ndani karibu na nyuzi 600, na rangi yake inaweza kubadilika karibu na hapo. Katika kulika kulikotulia, jotoridi linashuka kuelekea nyuma kwa mkunjo unaojulikana, na umbali kati ya uso unaoyeyuka na mstari wa nyuzi 600 unatoa kasi moja kwa moja. Ukiwa sentimita 6, kwa udongo wetu kasi ni milimita 23 kwa saa. Ukiwa sentimita 3, ni mara mbili. Kulika kunachukua saa tatu hivi kabla ya kutulia, kwa hiyo kipande cha kazi fupi kitadanganya, na hapo parabola ya Goodman inarudi kurekebisha. Joto la pembeni nalo litaurefusha umbali huo upande wa nje wa ukuta kuliko upande wa ndani. Tofauti ya pande hizo mbili ni kipimo cha joto lililochukuliwa na hewa.

Vipande ishirini vya eneo moja la Karagwe, vilivyopasuliwa kwa urefu na kupimwa alama hizo tatu, vinatosha kwa jedwali moja. Kama sehemu za kioo zina urefu unaolingana huku kasi inayosomwa kwenye rangi ni kubwa, mirija ilikuwa ikisukumwa ndani na hewa ilibaki moto hadi mwisho. Kama urefu umetawanyika, mirija iliachwa ikalika, na hewa moto ilikuwa faida ya saa za mwanzo.